Samaki wa Chini Nao Wanataka Kula

Wahenga walisema kwamba mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Methali hii hutumiwa kwa wanadamu, lakini ukweli wake waweza kuonekana kila jioni hata ndani ya tangi la kioo, samaki wanapopewa chakula chao.

Katika mitaa ya Eastlands mjini Nairobi, tangu Kaloleni na Makongeni, ambako nyumba zilijengwa kabla ya uhuru wa 1963, hata Buruburu na Umoja, iliyoanza kujengwa katika miaka ya 1970, wako watu wafugao samaki wa pambo. Tangi lenye taa na mapovu ya hewa hufurahisha macho sebuleni, na humtuliza mteja angojaye zamu yake kwa kinyozi. Wengi huchanganya samaki wa namna mbalimbali katika tangi moja: gapi na wenzake waogeleao juu na katikati, pamoja na samaki wa chini, ambao hukaa mchangani wakipapasa kwa sharubu. Hao wa chini huweza kufa mmoja mmoja, na mwenyewe asijue sababu.

Sababu mojawapo ni njaa, na njaa hiyo huletwa na dhana iliyoenea sana, kwamba samaki wa chini ni fagio la tangi, naye huishi kwa makombo na uchafu wa wenzake. Dhana hiyo si kweli. Samaki huyo haishi kwa kinyesi. Okoko, kama Wajaluo wamwitavyo, ambaye Watanzania wengi humwita gogogo, hutafuta wadudu na konokono katika tope la Ziwa Viktoria. Jamaa zake wadogo wafugwao katika matangi, na hata koridora watokao Amerika ya Kusini, wanahitaji nyama vilevile. Wale wang'ang'aniao kioo kwa midomo hupenda majani na mboga, lakini ukungu wa kijani ulio kwenye kioo peke yake hauwatoshi.

Yafaa kutazama jinsi chakula kinavyogawanyika. Chakula cha samaki cha kawaida ni vipande vyembamba vielevyo juu ya maji. Mara vinapotiwa, wale wa juu huvirukia, na kabla ya dakika mbili kupita hakuna kilichobaki. Samaki wa chini wengi ni waoga wa mwanga na hutembea usiku. Watokapo mafichoni, karamu imekwisha. Hata tembe wanazopewa ngege mabwawani hazifai kwa kazi hii, kwa kuwa nyingi zimetengenezwa zielee ili mkulima aone samaki wake wakila.

Dalili za njaa hazifichiki kwa mtu atazamaye kwa makini. Tumbo huingia ndani, kichwa huonekana kikubwa kuliko kiwiliwili, na samaki aliyezoea kujificha mchana huanza kuzungukazunguka akitafuta. Mtu asingoje mpaka afike hapo.

Hata hivyo, liko kosa la pili lililo baya kuliko la kwanza. Mwenye tangi akiisha kutambua kwamba samaki wa chini hawali, huongeza chakula mara tatu ili kingine kizame. Kilichozama hujificha kati ya kokoto kikaoza, na kuoza huko huzaa amonia, ambayo ni sumu kwa samaki wote, wa juu na wa chini. Viko vijidudu visivyoonekana kwa macho ambavyo huigeuza sumu hiyo kuwa kitu kisicho na madhara makubwa, lakini katika tangi jipya huchukua majuma kadhaa kuongezeka hata watoshe. Tena katika mitaa ambayo maji ya mfereji huja kwa zamu, mtu aliyechafua tangi lake siku ya ukavu hana maji ya kulibadilishia. Na hata yakija, maji hayo yana klorini, hivyo hapana budi kwanza yawekwe katika ndoo wazi kwa siku nzima au yatiwe dawa ya kuiondoa.

Basi njia iliyo njema si kuongeza chakula, bali ni kukifikisha. Kwanza, wapewe wale wa juu chakula chao kidogo upande mmoja wa tangi. Wakiwa wanashughulika huko, chakula kizamacho kitiwe upande wa pili. Pili, taa ikiisha kuzimwa na nyumba kutulia kwa muda wa nusu saa, watiwe wa chini fungu lao. Tatu, chakula kipitishwe katika kipande cha bomba jembamba mpaka kifike kwenye kisahani kilicholazwa chini, ili asubuhi masalio yaonekane na kuondolewa. Kikibaki kingi, usiku wa pili kipunguzwe.

Chakula chenyewe si lazima kiwe cha bei kubwa. Omena wakavu wauzwao Gikomba huoshwa mchanga, wakasagwa, wakakandwa na unga wa ngano kidogo, wakapikwa kwa mvuke, kisha donge hilo likakaushwa na kukatwa vipande vidogo vizamavyo. Nyungunyungu waliooshwa na kukatwakatwa hupendwa sana. Wala mboga wapewe kipande cha tango, au njegere zilizochemshwa na kuambuliwa maganda. Sakafu ya tangi iwe ya mchanga laini, kwa maana kokoto zenye ncha hujeruhi sharubu, na sharubu ndizo mikono ya samaki huyu atafutapo riziki gizani.

Katika miezi ya Juni na Julai, usiku wa Nairobi huwa na baridi, na tangi lisilo na kipasha joto hupoa. Wakati huo samaki wa nchi za joto hupungukiwa na hamu ya kula, kwa hiyo chakula kipunguzwe. Vivyo hivyo umeme ukatikapo na pampu ya hewa kusimama, chakula kisitiwe mpaka umeme urudi, kwani kila kiozacho hula hewa ile chache iliyobaki majini.

Onyo moja lahusu kambare. Wafugaji wa mabwawa humweka pamoja na ngege kwa kusudi ale vifaranga wanaozidi. Mtoto wa kambare anunuliwaye kwa kuwa ana sharubu za kupendeza atakuwa mkubwa, na katika tangi dogo atawala wenzake. Huyo si wa kulishwa pamoja na gapi hata kidogo.

Samaki hana sauti ya kuomba. Yule wa juu angalau hupanda akafungua kinywa mbele ya bwana wake. Yule wa chini hungoja gizani, na akikosa hufa kimya. Aliyemtia katika kioo ndiye aliyemnyima mto na ziwa lake, na kwa hiyo ni wajibu wake, kabla hajalala, kuinama na kutazama kama kisahani cha chini kina kitu.