TWENDE KOLO TUKAONE MICHORO YA WAZEE WA KALE



Mwaka mmoja mimi na walimu wenzangu wanne tulifunga safari kwenda Kolo, wilaya ya Kondoa. Tulitaka kuona michoro ya miambani. Hatukumwuliza mtu, wala hatukuandika lolote. Tulifika saa tisa alasiri. Gari la kutupeleka mlimani halikuwapo. Jua likatua tukiwa tumeona pango moja tu, na hela za kulala hatuna. Nauli ilikwenda, na tulichokifuata hatukukiona.

Sasa wanakisomo wengi hapa Mungaa wanataka kwenda. Ni jambo jema. Lakini safari ya siku nne haipangwi kichwani. Hupangwa katika daftari. Kusoma na kuandika tulikojifunza kutatusaidia hapa.

KOLO KUNA NINI?

Katika milima ya Kondoa kuna mapango na miamba mingi yenye michoro. Wataalamu wanasema sehemu hizo ni zaidi ya 150, nazo zimetawanyika katika eneo la kilomita za mraba 2,336. Ndiyo maana siku moja haitoshi.

Michoro mingi ni ya rangi nyekundu. Utaona twiga, tembo, pofu, na watu warefu wembamba wenye vichwa vya ajabu. Rangi hiyo ilitokana na udongo mwekundu uliosagwa. Wataalamu wanaamini walioichora walikuwa wawindaji, na wengi wanawahusisha na jadi ya Wasandawe na Wahadzabe. Michoro mingine ni myeupe. Hiyo ilichorwa baadaye na wakulima na wafugaji. Michoro hii ni kazi ya miaka 2,000 na zaidi.

Serikali ya kikoloni iliitangaza kuwa kumbukumbu ya taifa mwaka 1937. Mwaka 1951 mtaalamu Mary Leakey alikaa huko akiinakili kwenye karatasi. Mwaka 2006 UNESCO iliiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Basi watu hutoka Ulaya na Marekani kuja kuiona, na sisi majirani hatujaiona!

PANAPOABUDIWA PANA WENYEWE

Pango linalojulikana sana linaitwa Mungomi wa Kolo. Hilo si pango la kutazama tu. Wazee wa huko bado hufanya matambiko katika mapango hayo. Huomba mvua, na huombea wagonjwa. Kwa hiyo tusiende kama watu wanaokwenda gulioni. Nani kati yetu angependa mgeni aingie kanisani au msikitini wakati wa sala, apige kelele na kupiga picha? Ukikuta wazee wapo katika shughuli zao, simama mbali. Mwache mwongoza wageni aseme nao kwanza.

Lipo jambo gumu hapa. Katika matambiko mengine pombe hunyunyizwa mwambani. Watunzaji wanasema pombe huharibu rangi. Wazee nao wanasema mahali hapa palikuwa pa sala kabla ya ofisi yoyote kuja. Wote wana hoja. Sisi wageni hatukwendi kuamua, ila tusiongeze uharibifu wetu.

KUPANGA SIKU NNE

Kwanza, chagueni wakati. Mvua zikinyesha njia za milimani huharibika, na shamba nalo linatudai. Wakati mzuri ni Julai au Agosti, baada ya kuvuna alizeti na mtama. Chukueni nguo nzito, maana asubuhi kuna baridi.

Pili, andikeni siku hizi katika daftari:

Siku ya 1: Kutoka Mungaa hadi Singida mjini alfajiri. Hapo panda basi la Babati kupitia Katesh. Barabara ni ya lami. Babati panda gari la kwenda Kondoa. Kolo iko njiani, kabla ya kufika Kondoa. Nyumba za wageni zipo Kondoa mjini, zaidi ya kilomita 20 mbele ya Kolo. Laleni huko.

Siku ya 2: Fikeni mapema katika ofisi ya michoro pale Kolo. Lipeni kiingilio, mpate stakabadhi na mwongoza wageni. Kisha mwende kwenye mapango ya Kolo. Si karibu na barabara, na mwisho wake ni kupanda mlima kwa miguu. Mwenye magoti mabaya aseme mapema, asione haya.

Siku ya 3: Nendeni Pahi mkaone michoro myeupe, au Fenga yenye michoro myekundu. Chagueni pamoja moja. Msikimbilie yote.

Siku ya 4: Kurudi nyumbani.

Tatu, hesabuni fedha. Andikeni nauli, malazi, chakula, kiingilio, gari la mlimani, na akiba ya dharura. Bei hubadilika, kwa hiyo pigeni simu kuuliza kabla ya kuondoka. Tuseme kwa mfano kila mtu anahitaji shilingi 90,000. Akiweka shilingi 7,500 kila mwezi, zitatimia baada ya miezi 12. Anza mavuno haya, uende mavuno yajayo. Na gari la shilingi 100,000 wakilipanda watu 5, kila mmoja hutoa 20,000. Wakiwa 10, hutoa 10,000 tu. Mweka hazina aandike kila senti, na daftari lisomwe mbele ya wote.

MKIWA PANGONI

Msiguse michoro. Mikono ina jasho na mafuta, na rangi ile ni utando mwembamba sana. Msimwagie maji ili ing'ae. Maji hutoa chumvi ndani ya jiwe, nayo ikikauka huacha ukungu mweupe juu ya mchoro. Msiwashe moto, kwa sababu moshi huacha masizi. Msiandike majina yenu. Kujua kuandika si ruhusa ya kuandika popote!

Tena msichimbe. Wako watu waliochimba mapangoni eti Wajerumani waliacha mali humo. Walichoharibu ni udongo wenye majivu, mifupa na zana za mawe, ambao wataalamu wangeusoma kama sisi tunavyosoma gazeti hili. Ukurasa ukichanika haurudi.

TUKIRUDI NYUMBANI

Michoro ya miambani ipo pia katika mkoa wetu wa Singida. Mingi haina mlinzi wala kibao. Mchunga ng'ombe anayejikinga mvua na kuwasha moto chini ya mwamba huenda anaifuta bila kujua. Basi, atakayekwenda Kolo arudi akiwa mlinzi wa ya kwetu.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini siku moja haitoshi kuona michoro ya Kondoa?
2. Watu 12 wamekodi gari kwa shilingi 96,000. Kila mmoja atoe kiasi gani?
3. Kuna mwamba wenye michoro karibu na kijiji chenu? Nani anautunza?