Sura ya 7: Mpira Kwanza, Kimo Baadaye

Anayeishi Kisangani hana haja ya kuelezwa mvua. Hunyesha mwaka mzima, takriban milimita 1,800, huzidi Aprili na Mei, kisha huzidi tena kuanzia Septemba hadi Novemba. Ndiyo maana mwenye gari wa huku akija kuniuliza aweke tairi gani, najua anachouliza hasa: nikiwa na mapipa sita ya mazuti (dizeli) nyuma, na mvua imenyesha usiku kucha, nitafika Banalia au nitalala njiani na mbu?

Barabara ya Taifa namba 4 inatoka Kasindi, mpakani na Uganda, inapita Beni, Komanda, Mambasa, Epulu, Nia-Nia na Bafwasende, inaingia Kisangani, kisha inatoka tena kwenda Banalia na Buta. Sehemu yake kubwa ni laterite, na laterite ina tabia mbili. Ikikauka ni tofali. Ikilowa, juu panateleza kama sabuni, lakini sentimita chache chini pangali pagumu. Tabia ya tatu huletwa na malori. Pale maji yanapotuama, lori la kwanza linapita kwa taabu, la pili linakwama, la tatu linachimba, na baada ya wiki pamekuwa bwawa la poto-poto lenye mifereji miwili ya kumfika mtu magotini. Ndiyo sababu ya zile bariere za mvua: gogo hulazwa barabarani, magari mazito yangoje njia ikauke. Wenye haraka hutoa kitu kidogo wakapita, nasi tunaofuata tunairithi mifereji yao.

Ndani ya mifereji hiyo ndimo ilimo elimu yote ya sura hii. Jipu likitumbukia humo, mara nyingi halishindwi kwa kukosa nguvu. Linakaa tumbo. Difu, lile boga la chuma katikati ya ekseli ya nyuma, linapanda juu ya tuta lililobaki kati ya mifereji, magurudumu yananing'inia, na injini inaunguruma bure. Vijana wakishaona hivyo wanakuja gereji na neno moja: niinulie gari.

Kabla ya kumwinulia, mimi humpa mteja gunia alalie, na futi ya kupimia. Tuseme ni Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ile iliyoanza kuuzwa mwaka 1984 na ambayo mapadri, mashirika na wafanyabiashara wa mkoa wetu wa Tshopo hawajaiacha hadi leo. Pima kutoka chini hadi kwenye chasisi. Pima tena kutoka chini hadi kwenye boga la difu. Sasa tuseme tumefunga springi ndefu zaidi, gari limepanda sentimita 5. Chasisi imepanda sentimita 5, bampa pia, hata ngazi ya kupandia. Difu liko pale pale, halikusogea hata unene wa kadi. Springi hubebwa na ekseli, na ekseli hubebwa na tairi. Anayetaka difu lipande hana njia nyingine ila tairi yenye kimo zaidi, na hapo pia hupata nusu tu ya alicholipia, kwa kuwa nusu nyingine iko juu ya ekseli.

Tufanye hesabu. Tairi ya 235/85R16 ina kimo cha milimita 806 hivi, sawasawa na ile 7.50R16 ya zamani. Ya 285/75R16 ina 834. Tofauti ni milimita 28, kwa hiyo difu linapanda milimita 14: unene wa kidole. Kwa kidole hicho umenunua tairi pana inayokwaruza bodi ukikata kona, inayoilemea klachi mlimani, na inayofanya mshale wa spidi useme uongo. Kama ni lazima uongeze kimo, 255/85R16 ni ya akili zaidi: 840 kwa kimo, lakini bado nyembamba. (Kwenye Prado na Hilux za miaka hii, difu la mbele limefungwa kwenye chasisi, kwa hiyo hilo hupanda na springi. La nyuma, hapana. Na la mbele likipanda, ekseli zake fupi zinakaa kwa mshazari mkali, mipira inayofunika maungio inachanika, mchanga unaingia.)

Kuhusu upana, mabishano hayaishi. Wengi huamini kwamba tairi pana ndiyo ya matope kwa sababu wameona picha za magari ya jangwani. Mchangani ni kweli, na kwenye kinamasi kisicho na chini pia ni kweli. Lakini laterite yetu ina chini. Tairi nyembamba hukata ule uji wa juu ikafika pagumu, ikashika. Pana huelea juu ya sabuni na kwenda inakotaka. Mtu anayefanya kazi njia ya Bafwasende au Lubutu, mimi humwambia 235 na nisijadili zaidi. Wa ng'ambo ya Lubunga, anayeshika njia za Opala na Ubundu wakati wa mvua, huyo tunaweza kukaa tukaongea habari za tairi pana.

Kisangani fundi wa tairi huitwa kwado. Kuna kijana mmoja, kompresa yake iko chini ya mwembe kule Mangobo, na siku moja aliniita kwa furaha. "Papa, njoo uone, hii ni mpya kabisa. Bado ina vinyweleo vyake!" Kweli, vile vinyweleo vya mpira vinavyotoka na tairi kiwandani vilikuwa bado vimesimama. Nikainama kuusoma ubavu wake. Pembeni pa maandishi palikuwa na alama ndogo ya mlima wenye vilele vitatu, ndani yake punje ya theluji. Nikaendelea kuzunguka mpaka nikaikuta namba baada ya herufi DOT, tarakimu nne za mwisho: 3811. Wiki ya 38, mwaka 2011.

"Mwanangu, hii ni ya barafu," nikamwambia, "na ina umri wa kwenda shule."

Akacheka. "Basi Papa ataipeleka Ruwenzori."

Tairi ya baridi kali hutengenezwa kwa mpira laini usiogande Ulaya wakati wa theluji. Kwenye joto letu la nyuzi 30 huyeyuka kama sabuni ya kufulia. Na mpira huzeeka hata ukikaa ghalani: baada ya miaka 6 uuchunguze kwa makini, na ukipita 10 usiubebeshe watu, hata kama vinyweleo vyake vinang'aa. Sisemi usinunue tairi za mitumba, maana wengi hatuna uwezo mwingine. Nasema inama usome.

Kusoma kwenyewe ni hivi. Katika 235/85R16 120/116, ile 235 ni upana kwa milimita. 85 ni kimo cha ubavu, asilimia ya huo upana. 16 ni rimu kwa inchi. Namba 120 ndiyo ambayo wateja wangu huiruka, na ndiyo inayowalaza njiani. Ni uzito: tairi moja inaweza kubeba kilo 1,400, na 1,250 zikiwa mbili mbili upande mmoja. Tairi nyingi za jipu za kifahari zinazotoka Dubai zimeandikwa 112, yaani kilo 1,120. Pipa la lita 200 la mazuti, pamoja na chuma chake, linakaribia kilo 190. Mapipa sita yanapita kilo 1,100, karibu yote juu ya ekseli ya nyuma ambayo tayari imebeba gari lenyewe. Kwa tairi mbili za 112 una kilo 2,240, kwa mbili za 120 una 2,800. Shimo moja la ghafla ndilo huamua nani alipiga hesabu.

Meno ya tairi yana madaraja matatu, nayo huandikwa H/T, A/T na M/T. H/T ni ya lami. M/T ina mabonge makubwa yenye nafasi pana katikati, ili tope lirushwe nje gurudumu linapozunguka badala ya kuganda na kugeuza tairi kuwa donati. A/T iko kati. Watu hupenda M/T kwa sura yake. Kwangu A/T yenye ubavu mnene, ile iliyoandikwa LT na 10PR, inatosha kwa magari tisa kati ya kumi ya mji huu. M/T hulia njia nzima kama kinu cha kusagia mihogo, hula mafuta, na kwenye lami yenye maji pale Makiso husimama kwa kuchelewa, wakati ambapo mbele yako kuna toleka, baiskeli ya kukodi, na abiria wake.

Tairi yoyote utakayochagua, nusu ya ubora wake ni upepo. Gari tupu likifika kwenye poto-poto, shusha hadi baa 1.5, uende polepole. Tairi inajilaza, inakuwa ndefu chini kama mguu wa bata, inashika. Ukitoka, jaza tena kabla hujakimbia, kwa sababu tairi laini ikikimbizwa hupata joto, na joto ndilo linaloiua. Mwenye tairi za tyubu asishushe sana: tairi huzunguka juu ya rimu na kukata shina la valvu. Hata hivyo siwezi kuzidharau tyubu. Kijijini kwado mwenye vyuma viwili, kiraka na pampu ya mkono anakutengenezea saa hiyo hiyo, wakati tairi isiyo na tyubu ikishatoka kwenye mdomo wa rimu inahitaji kompresa ya nguvu. Ila zile rimu zenye pete ya chuma ziogopwe. Pete ikifyatuka wakati wa kujaza huua. Izungushwe mnyororo kwanza, na mtu asisimame usawa wake.

Naongeza jambo moja nje ya gereji. John Boyd Dunlop alipata hataza ya tairi yake ya upepo mwaka 1888, na dunia ikaanza kuulilia mpira. Misitu hii hii, wakati huo mali ya Leopold wa Pili, ilikuwa na mipira ya mwituni, mitambaazi ya Landolphia, na babu zetu walilazimishwa kuigema kwa mjeledi na kwa risasi mpaka Ubelgiji ilipoichukua nchi mwaka 1908. Leo tairi ya lori bado ina mpira mwingi wa asili, kwa kuwa huvumilia joto na kuchanika kuliko ule wa kiwandani, lakini mpira huo hutoka hasa Thailand na Indonesia. Sisi tunaununua tena.

Tumefika kwenye springi, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Springi huchaguliwa kwa mzigo ulio nao kila siku. Ule unaoota kuubeba hauhesabiwi. Kampuni ya ARB ya Australia, iliyoanza Melbourne mwaka 1975, imejipatia jina kwa springi za Old Man Emu, na kwa gari lile lile inauza za uzito wa aina mbalimbali. Aliyefunga za mzigo mzito akatembea mtupu atarukaruka kama mbuzi. Gurudumu linapokuwa hewani halishiki wala halifungi breki. Sentimita 4 au 5 za kimo zinakutosha kabisa. Ukizidisha hapo unaanza kulipa madeni mengine: mipira ya breki inavutwa, propela inakaa upande, usukani unakuwa mwepesi mno kwa sababu ekseli ya mbele imeegemea vibaya.

Mbinu ya mtaani ni kuongeza jani moja, lililokatwa kutoka springi ya lori. Ni rahisi, na mimi niliifanya. Jani hilo lilikuwa gumu kuliko wenzake, likawa linayabebesha kazi yote majani ya jirani, na zile yubolti zinazolibana furushi zima kwenye ekseli zililegea bila mimi kujua. Kilometa chache kabla ya Bengamisa nikasikia mlio kama wa bunduki. Jani kuu lilikuwa limekatika pale pale kwenye tundu la nati ya kati, ekseli imerudi nyuma upande mmoja, tairi inakwaruza bodi. Tulilifunga kwa mnyororo na kabari ya mti, tukarudi mjini kwa mwendo wa mtu mwenye jipu mguuni.

Shokapu nazo hazibebi kitu. Kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kucheza. Kwenye barabara yenye mawimbi hupanda na kushuka mfululizo, mafuta yake yanapata joto na kutoa povu, na povu halizuii kitu. Zenye gesi ya naitrojeni huchelewa kufikia hali hiyo. Ukitaka kujua ipi imekufa, simama baada ya kilometa 30 za mawimbi, uziguse zote nne kwa tahadhari. Zinazofanya kazi zina joto. Iliyo baridi imelala.

Springi mpya zikishafungwa, yubolti zote zikazwe tena gari likiwa chini, na tena baada ya kilometa 500, kwa sababu majani hujipanga na kuacha nafasi. Bafwasende kwenda na kurudi inatosha kufikisha kipimo hicho. Spana yangu ya nati hizo haikai tena kwenye sanduku la nyuma chini ya mizigo. Iko chini ya kiti cha dereva.