Dawa ya Minyoo Ihesabiwe Kuwa Chakula

"Mtoto anakula, mbona hanawiri?" Swali hili la wazazi wa Nyalenda, mtaa duni wa Kisumu, hujibiwa upesi: ongeza omena, ongeza sukuma wiki, ongeza maharagwe. Ushauri ni mzuri, lakini hausemi chakula kinakokwenda. Watafiti waliowapima watoto wa shule katika mitaa duni ya Kisumu, wakachapisha matokeo yao mwaka 2011, walikuta minyoo ya tumbo pamoja na kichocho. Mahali kama hapa, nashikilia kwamba dawa ya minyoo ni sehemu ya lishe.

Mtazame mnyoo wa safura. Ana urefu wa sentimita 1 hivi, na huingia kwa kutoboa ngozi ya mguu mtupu. Njia anayopita hadi utumboni tuiache. La ajabu ni anachokifanya akishafika. Huuma ukuta wa utumbo, akatema kemikali za kuzuia damu isigande, kisha baada ya saa kadhaa huhama na kuuma pengine. Kidonda alichokiacha huendelea kuvuja, kwa kuwa kemikali zile bado zina nguvu. Afanyavyo ni kama mtu anayetoboa bomba la maji usiku ili ajaze mtungi mmoja: anayoondoka nayo ni machache, lakini tundu hutiririka hadi asubuhi, na kesho atatoboa kwingine kabla fundi hajaziba la jana. Ukiongeza maji bombani, mtaro ndio unaoshiba. Mnyoo mmoja wa aina ya Necator americanus humpotezea mtoto takriban mililita 0.03 za damu kwa siku. Wakiwa 100, ni mililita 3, zenye madini ya chuma karibu miligramu 1. Mwili wa mtoto huhangaika kupata kiasi hicho kutoka mlo wa siku nzima, maana chuma cha mahindi na mboga hufyonzwa kidogo.

Wapo wanaopinga: mapitio ya tafiti ya shirika la Cochrane yameona kwamba kuwagawia watoto wote dawa huongeza uzito na damu kidogo sana. Huo ni wastani. Minyoo hawajigawi sawasawa. Watoto wachache hubeba wengi, na nafuu yao hufichwa na hesabu ya wenzao wasio na minyoo. Tena uzito na damu si vipimo pekee: huko Busia, mradi wa dawa ya minyoo ulioanza 1998 katika shule 75 ulipunguza utoro kwa takriban robo. Wengine husema minyoo watarudi tu, kwa sababu vyoo vya shimo vya Nyalenda hufurika mvua inaponyesha. Watarudi, na ndiyo sababu dawa hurudiwa. Vyoo bora vijengwe, ila mtoto wa leo asiachwe avuje damu akivisubiri.

Mpango wa kitaifa wa kutoa dawa shuleni, ulioanza 2009, umelenga watoto wa miaka 2 hadi 14, bila malipo. Siku ya dawa ikitangazwa, mzazi, mpeleke hata yule ambaye hajaanza shule.