Kuzimika Ghafla kwa QEMU: Kasoro katika Uundaji na Uondoaji wa Vifaa

QEMU, programu ya kuiga mashine iliyoasisiwa na Fabrice Bellard mwaka 2003, huunda kila kifaa kwa hatua mbili. Katika hatua ya kuanzisha, sifa za kifaa hupewa thamani za awali. Hatua hii hairuhusiwi kushindwa. Katika hatua ya kuwezesha, thamani alizoweka mtumiaji hukaguliwa na kifaa huunganishwa na mashine. Hatua hii yaweza kushindwa.

Kasoro nyingi hutokana na dhana kwamba kila kifaa kilichoanzishwa lazima kiwezeshwe. Dhana hiyo si sahihi. Mtumiaji anapoomba orodha ya sifa za kifaa, QEMU huweza kukianzisha, kuzisoma sifa zake, kisha kukiondoa bila kukiwezesha. Endapo msimbo wa kuanzisha ulikwisha kukisajili katika orodha ya mashine nzima, orodha hiyo hubaki ikielekeza kwenye kumbukumbu iliyokwisha kuachiliwa. Programu huzimika baadaye, amri nyingine inapoipitia orodha hiyo, na kazi zote za mashine iliyoigwa hupotea. Kwa hiyo, mahali pa kuzimikia mara nyingi sipo penye kosa.

Hivyo basi, uchunguzi uanze kwa kuunda na kuondoa kila kifaa bila kukiwezesha, kwa kutumia AddressSanitizer, ambayo huonyesha kumbukumbu ilipotengwa, ilipoachiliwa na ilipotumiwa tena. Suluhisho ni ulinganifu: kilichofanywa wakati wa kuanzisha kitenguliwe wakati wa kuondoa, usajili uhamishiwe katika kuwezesha, na utenguliwe katika hatua iliyo kinyume chake.