DVD ya Muscat, deki ya Tanga

Shemeji alituletea DVD halali kutoka Muscat. Deki yetu ya Tanga ikaikataa, na mkwaruzo haikuwa nao hata mmoja. Geuza jalada utazame nyuma: kuna alama ndogo ya dunia yenye namba. Ya shemeji ilikuwa 2, ukanda wa Oman, Ulaya Magharibi na Japani. Sisi Afrika Mashariki tuko ukanda wa 5. Deki husoma namba hiyo kwanza. Isipolingana na yake, haichezi. Studio za Hollywood ndizo zilizotaka hivyo, ziuze kila soko kwa wakati na bei yake. Uchoyo mtupu! Kompyuta nyingi zinazocheza DVD huruhusu ukanda ubadilishwe mara 5 tu. Ukinunua deki, uliza kwanza kama inacheza kanda zote.