Nyanya Yenye Unga Mweupe: Mwanga Unasoma Nini Macho Yasichokiona? (Sehemu ya Pili)

Simama kwenye genge lolote la Dar es Salaam umtazame mteja anavyochagua nyanya. Akikuta yenye utandu mweupe huirudisha funguni, au huifuta kwa pindo la kanga huku akisema, "Hii ina dawa." Akipata nyekundu inayong'aa, huitia kapuni bila wasiwasi. Wiki iliyopita nilieleza kwa nini mkulima wa Ilula, mkoani Iringa, anayepambana na mdudu kantangaze na ugonjwa wa bakajani kwa msimu mmoja, hupiga dawa mara nyingi. Leo naanza na macho ya mteja, kwa sababu yanampotosha.

Utandu ule mara nyingi ni mankozebu, dawa ya ukungu inayokaa juu ya ganda, na sehemu kubwa yake hutoka tunda likioshwa vizuri. Sisemi kwamba haina neno. Mwishoni mwa mwaka 2020 Umoja wa Ulaya ulikataa kuiongezea muda wa kibali. Lakini nyanya ile inayong'aa yaweza kuwa na daimethoeti, dawa ya wadudu inayoingia ndani ya mmea na kusafiri na utomvu wake. Hiyo haifutiki kwa kanga, na maji ya bomba hayaifikii.

Kiasi tunachokizungumzia ni kidogo mno. Kwa dawa ambayo haikuwekewa kiwango chake maalumu, sheria ya Ulaya inaruhusu miligramu 0.01 tu katika kila kilo ya mazao. Chukua tenga la nyanya la kilo 40: masalia yanayoruhusiwa ndani yake yote ni miligramu 0.4, uzito wa punje saba hivi za chumvi ya mezani. Maabara inaweza kuzipata punje hizo. Nyanya husagwa, dawa hutolewa kwa kimiminika maalumu, kisha mtambo huzitenganisha kemikali na kuzipima moja moja. Kwa usahihi, hakuna kinachoushinda mtambo huo. Tatizo ni kwamba uko Arusha au Nairobi, unahitaji mtaalamu na pesa, na nyanya iliyokwisha iva haisubiri majibu.

Wakulima wa mishiri, yaani maharage machanga ya maganda, nchini Kenya waliionja hasara ya kuchelewa huko. Mwaka 2013 Ulaya ilianza kukagua asilimia 10 ya shehena za maharage na njegere za maganda kutoka Kenya, baada ya kukuta masalia yaliyozidi kiwango, ya daimethoeti yakiwemo. Mzigo ulikuwa umeshavunwa, umefungashwa na kupanda ndege ndipo ukakataliwa. Wakulima wadogo wengi wakaachwa na wanunuzi wao. Mtu aliyepiga dawa siku chache kabla ya kuvuna alikuja kuambiwa kosa lake wakati hana tena la kurekebisha.

Hapo ndipo vihisi vya mwanga vinapoingia. Njia ya kwanza ni nyepesi, na inaanzia mwilini mwetu. Mishipa ya fahamu hupeana taarifa kwa kemikali iitwayo asetilikolini, na taarifa ikishafika, kimeng'enya kiitwacho kolinesterasi huifagia. Dawa za jamii ya oganofosfeti na kabameti humfunga mfagiaji huyo mikono. Ndiyo maana mdudu hufa akitetemeka, na ndiyo maana mkulima aliyebeba bomba mgongoni bila kinga hurudi nyumbani kichwa kikimgonga, mate yakimtoka, mboni za macho zimesinyaa. Wanakemia waliugeuza udhaifu huo kuwa kipimo: kimeng'enya huwekwa kwenye kadi, hulowanishwa kwa maji yaliyosuuza mboga, kisha hukutanishwa na kemikali ambayo kikiwa kizima huigeuza bluu. Kadi ikigeuka bluu, kimeng'enya kinafanya kazi. Ikibaki nyeupe, kuna kilichokizuia. Kamera ya simu husoma kina cha rangi ile vizuri kuliko jicho, na kazi yote huchukua dakika tu.

Lakini mrudie mteja wetu na nyanya yake yenye unga. Kadi hii itasema nyanya ile ni safi! Mankozebu haigusi kolinesterasi, wala zile pairethroidi zinazouzwa katika kila duka la pembejeo. Na kuna la pili: vitunguu, vitunguu saumu na hata juisi ya nyanya yenyewe vina kemikali za asili zinazoweza kuisumbua kadi, ikatangaza sumu pasipo na sumu. Kwa hiyo nyanya husuuzwa nzima, haikatwi. Nimelisisitiza hili kwa sababu muuza vifaa hatakuambia.

Njia ya pili inaisoma dawa yenyewe. Mwaka 1928, mjini Kolkata, C. V. Raman alionyesha kwamba mwanga unapotawanywa na kitu, sehemu ndogo sana yake hurudi na rangi iliyobadilika kidogo, na mabadiliko hayo hutegemea jinsi molekuli za kitu hicho zinavyotetemeka. Alipata Tuzo ya Nobel miaka miwili baadaye. Kila molekuli ina mlio wake, kama sikio linavyotofautisha msondo na chapuo hata gizani. Ila mlio ni hafifu: katika chembe milioni 10 hivi za mwanga, moja tu ndiyo hurudi imebadilika. Mwaka 1974, huko Southampton nchini Uingereza, watafiti waliona ishara kubwa ajabu kutoka kwa molekuli zilizoshika kwenye fedha yenye uso uliokwaruzwa, na miaka michache baadaye ikafahamika kwamba metali ile iliukuza mlio mara laki kadhaa na zaidi.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote ni la mwaka 2010, la Chuo Kikuu cha Xiamen, China. Watafiti walitengeneza chembe za dhahabu, kila moja ndogo kuliko unene wa unywele mara zaidi ya elfu moja, wakazivika ganda jembamba la silika. Wakazitawanya kama vumbi juu ya ngozi ya chungwa lenye dawa ya parathioni, wakamulika kwa leza ya kifaa cha kubebeka, na dawa ikajitambulisha. Chungwa halikukatwa wala kusagwa.

Njia hii nayo ina mipaka. Tairamu, dawa ya ukungu yenye salfa, hung'ang'ania dhahabu na fedha na kusomeka wazi. Dawa zisizovutwa na metali hizo husomeka kwa shida. Na leza inayomulika ganda haioni kilichozama ndani ya nyama ya tunda. Kwa hiyo kifaa kinaposema hakikuona kitu, kimesema hilo tu.

Ndiyo maana mimi siungi mkono kukigeuza kuwa hakimu wa sokoni. Nakitaka shambani, mikononi mwa chama cha wakulima, katika zile siku za kusubiri baada ya kupiga dawa. Tunda la leo likipimwa, na la kesho kutwa toka mche ule ule, mkulima ataona ishara ikishuka au ikigoma kushuka, na fuso la dalali likimkuta bado inagoma, ana namba ya kumwonyesha kabla nyanya hazijaingia tengani. Nyanya ya siku ya tatu tangu kupigwa dawa na ya siku ya saba ni nyekundu sawasawa, zinang'aa sawasawa.

(Itaendelea wiki ijayo: bei ya vifaa hivi, na nani avilipie.)