Fremu ya Kariakoo: Upangaji au Ruhusa Tu?

Mikataba mingi ya fremu za Kariakoo ingali huandikwa kwa Kiingereza, ingawa tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama nchini. Kichwa cha mkataba mmoja husomeka "lease", cha mwingine "licence", na mfanyabiashara mwenye haraka ya kufungua duka hutia saini bila kuuliza. Wapo wanaodhani kuwa "licence" ni ile leseni ya biashara itolewayo chini ya Sheria ya mwaka 1972. Sivyo. Leseni ya biashara yahusu kazi ya mtu. Haimpi haki yoyote juu ya chumba anachofanyia kazi hiyo.

"Lease" ni upangaji. Mpangaji hukabidhiwa sehemu mahususi kwa muda maalumu, akaishika peke yake, na mwenye nyumba haingii ila kwa masharti waliyokubaliana. "Licence" ni ruhusa tu ya kuwapo mahali ambapo, pasipo ruhusa hiyo, mtu angehesabiwa kuwa mvamizi. Ruhusa ikiondolewa, kwa kawaida hubaki madai ya fedha, si ya chumba.

Aliyeweka meza kwenye kibaraza cha duka la mwenzake, ambaye husogezwa kila mzigo unapoteremshwa, ana ruhusa. Anayefunga fremu kwa kufuli lake mwenyewe na kulipa kodi ya miezi sita yaelekea ni mpangaji, karatasi imwite itakavyo. Mwaka 1985, katika shauri la Street dhidi ya Mountford, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliamua kwamba mkataba ulioitwa "licence" ulikuwa upangaji. Jaji Templeman alieleza kuwa aliyeunda uma wa meno matano ameunda uma, hata akishikilia kwamba ni koleo. Hukumu hiyo haizifungi mahakama zetu, lakini hoja yake inaeleweka hata sokoni.

Hatari kubwa imo katika kilemba. Mara nyingi fedha hizo humwendea anayeondoka, wala si mwenye nyumba, ambaye baadaye aweza kusema hakupangisha mtu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inakubali upangaji wa mdomo usiozidi mwaka mmoja, ila kuuthibitisha ni kazi. Kabla ya kutoa kilemba, mwenye nyumba mwenyewe na atie saini karatasi ya Kiswahili inayotaja muda, kodi, notisi na mshika ufunguo.